Maneno Kando ya Kitanda cha Mgonjwa
(Hotuba ya Kamati ya Kuzuru Wagonjwa, Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Hesabu ya fedha za wagonjwa ataisoma Mtunza Hazina, nasi hatutaigusa. Twaomba kunena juu ya maneno.

Mwanachama akilazwa, siku ya pili haipiti watu hawajafika na uji na matunda. Jambo hilo twalionea fahari. Lakini sikilizeni aambiwayo ndugu mwenye saratani: "Jikaze. Usiwaze mabaya. Ukikata tamaa ndipo ugonjwa upatapo nguvu." Kila mgeni husema hayo, naye huitikia, "Sijambo," ingawa usiku kucha hakulala kwa maumivu. Ni desturi ya lugha yetu kujibu "njema" kwanza, habari mbaya ifuate baadaye. Kwa mgonjwa, ile ya baadaye hukatizwa kabla haijatoka kinywani.

Tena maneno hayo yana mzigo ndani yake. Hali ikizidi kuwa mbaya, mgonjwa hujiuliza kama ni moyo wake uliolegea. Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani, Bwana James Coyne, na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo. Hawakuona kwamba wenye moyo mchangamfu waliishi zaidi kuliko wenye huzuni. Basi asishitakiwe mtu kwa hofu yake.

Hatusemi tumaini ni baya, wala hatukatazi sala. Anayeomba dua hamlazimishi mgonjwa kutabasamu.

Daktari Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii si ya mwili tu. Yamo pia ya nyumba yake, ya nafsi yake, na ya roho. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza kazi kama hiyo mwaka 1990. Kazi yenyewe huanza kwa kumwuliza mgonjwa na kumsikiliza. Aliyezoea kujikaza mbele ya wageni hujikaza hata mbele ya daktari, na daktari asiyeambiwa ukweli atapimaje mofini ya kutosha?

Wazee mliomo humu mwajua pia habari ya mashamba. Baba ataja mpaka, au deni, au karo ya mtoto wa mwisho, naye hujibiwa mara moja, "Usiseme hivyo, mzee, utapona." Hunyamaza. Akifariki, wasia huzikwa pamoja naye, na ndugu huja mbele yenu wakigombana. Ni mashauri mangapi mmeyaamua ambayo marehemu angaliyamaliza kwa maneno kumi, kama angaliachwa aseme?

Kwa hiyo Kamati imeonelea kwamba tangu mwezi ujao wageni waende wawili wawili, wasiende kumi. Mmoja ataketi na mgonjwa, wa pili atawasaidia wenye nyumba kuteka maji na kupasua kuni. Swali la kwanza litakuwa, "Usiku ulikuwaje?" Kisha mgeni anyamaze, angoje jibu, hata likikawia. Mgonjwa akilia, asimkataze.

Wanaojitolea waandikishe majina yao kwa Karani kabla ya kuondoka leo. Upande wa akina mama bado wapungua wawili.