Mbuzi Asiye na Meno na Kazi za Wanafunzi Kuhusu Mathenge



Mwaka 2006 wakazi wa Marigat, huko Baringo, walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Nairobi kuishtaki Serikali kwa sababu ya mti. Mbali na hati zao, walileta mbuzi. Mbuzi huyo hakuwa na meno. Maganda matamu ya mathenge yalikuwa yameyaozesha. Hati za kesi zilisomwa na wachache, lakini habari za mbuzi zilienea nchi nzima.

Mwanafunzi wa Garsen anayetafuta wazo la mradi wa mazingira anaweza kuanzia hapo.

Mathenge ilipandwa Bura na Hola mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye miradi ya unyunyizaji maji, ili watu wapate kuni na msitu wa kando ya mto upumue. Nia ilikuwa njema. Ila mifugo hula maganda, na mbegu hutoka kwenye kinyesi zikiwa nzima, tayari kuota. Zilizobaki huchukuliwa na mafuriko hadi huku chini. Vichaka vyake huziba malka, zile njia za mifugo kushukia mtoni. Malka ikizibwa, ng'ombe hupitia shambani kwa mtu, na katika kaunti hii hakuna anayehitaji kuelezwa kinachofuata.

Upande wa mto kuna msitu ambamo wanaishi mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, nyani wawili wasiopatikana kwingine kokote duniani. Hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1976. Delta yenyewe iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2012.

Sasa tazameni kazi nyingi za shule. Bango lenye dunia iliyochorwa ikitoa machozi. Mche unaopandwa siku ya mgeni rasmi, kisha hakuna wa kuumwagilia maji. Ngonjera inayosema tutunze mazingira. Si kwamba kazi hizo hazina faida. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wenyewe wa sekondari, na vimedumu. Shida ya bango lile ni kwamba likipelekwa Nyeri au Kisumu hakuna atakayejua lilitoka Tana River.

Mradi mzuri ni ule ambao mzee kutoka Tarasaa ataupita, asimame, arudi, aanze kubishana nao. Wanafunzi wawaulize babu na bibi zao malka zilikuwa wapi walipokuwa wadogo, ipi bado iko wazi, ipi imefungwa na tangu lini. Wachore ramani kwa makaa juu ya gunia. Mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkulima waichore pamoja, kwa sababu kila mmoja anajua nusu yake. Wenye kupenda maigizo wamtoe mbuzi yule kizimbani tena, mara hii atoe ushahidi kwa Kiorma, na mwenye shamba amjibu kwa Kipokomo.

Darasa la sayansi linaweza kusaga maganda. Yakisagwa vizuri, mbegu hufa na unga hubaki kuwa chakula cha mifugo. Hapo wazazi watasikiliza, maana kiangazi hakina mjadala.

Walimu, tahadhari mbili. Miiba ya mathenge hutoboa tairi, sembuse mguu wa mtoto wa Gredi ya 4. Kung'oa ni kazi ya watu wazima. Tena kisiki kikikatwa juu ya ardhi huchipua mashina mengi zaidi, kwa hiyo lazima kichimbwe hadi chini ya shingo ya mzizi. Na anayegawa miche ahakikishe anachogawa. Mti unaoota bila kutunzwa humvutia sana mwanafunzi anayetaka alama za haraka.

Kwa shule isiyo na fedha hata ya rangi, iko kazi isiyogharimu chochote. Kiokotwe kinyesi cha mbuzi waliokula maganda, kiwekwe kwenye mkebe wenye mchanga, kimwagiliwe kila asubuhi. Wanafunzi wahesabu mche mmoja mmoja unapochomoza na waandike tarehe. Siku ya wazazi mkebe huo uwekwe mezani karibu na mlango, pamoja na hesabu yake.