Kitanda usichokilalia

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo naupeleka msemo huo Chapwa, mjini Tunduma, karibu na mpaka wa Zambia, ambako malori ya masafa marefu ni sehemu ya maisha ya kila siku.

Chukua mfano wa dereva aliyekwama foleni siku kadhaa. Posho imekwisha, na nyumbani mtoto anaumwa. Au mfanyabiashara ambaye mtaji wa mkopo umempotea na wadai wako mlangoni. Siku moja anaona afadhali kufa. Akijaribu kusema kijiweni, anaambiwa: "Jikaze, wewe si mwanamume?" Basi anajikaza na kunyamaza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua. Waliojaribu wakaokoka ni wengi zaidi. Hao waliookoka ndio walimu wetu. Wanajua neno lililowatuliza na neno lililowazidishia uchungu. Wanajua pia kwamba saa ile ya giza hupita.

Je, walimu hawa tunawatendeaje? Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, inasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Kwa hiyo mtu aliyeponea chupuchupu anaogopa polisi kabla hajamwona daktari. Ndugu zake wakisema ilikuwa ajali, daktari atatibu jeraha, na chanzo kitabaki palepale. Mficha maradhi kilio humfichua. Lakini hapa sheria yenyewe ndiyo inayomfundisha mgonjwa kuficha.

Wapo watakaosema adhabu inatisha watu wasijaribu. Nauliza: aliyekwishaukatia tamaa uhai wake atatishwa na kifungo?

Majirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kuwa kinapingana na katiba yao. Uganda nako, hospitali ya Butabika, Kampala, ilishiriki kuwafunza watu waliowahi kuugua akili ili wawasaidie wenzao wanaorudi nyumbani baada ya matibabu. Mgonjwa anapomwona aliyeugua kama yeye akapata nafuu, matumaini yake huwa na sura ya mtu.

Nasi tufanye hivyo. Bunge likifute kifungu kile. Wizara ya Afya iwafunze walionusurika na kuwalipa, wakae katika vituo vya afya pamoja na wauguzi. Kutoka Chapwa hadi Mirembe, Dodoma, ni mbali mno kwa mtu ambaye hata kuamka asubuhi kunamshinda.

Wakati tukingoja wakubwa, kila mmoja wetu ana la kufanya. Ukimwona mwenzako amejitenga, halali, anagawa vitu vyake au anaaga bila safari, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, humfungulia mlango. Usimwache peke yake. Mfuatane hadi kituo cha afya.

Na wewe unayenisikiliza huku moyo umekuelemea, mwambie mtu mmoja leo hii, kabla ya usiku kuingia. Wapo waliolala kitanda hicho wakaamka. Kesho huenda tukakuhitaji wewe utufundishe.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.