Kesi Hufia Mlangoni: Wakili Azungumza na Wafanyabiashara wa Mji wa Kale



Nimealikwa niwaeleze kazi yangu. Mimi ni wakili wa kesi za madai. Sishughuliki na wezi. Nashughulika na watu waliokuwa marafiki hadi mzigo ulipochelewa au deni lilipokosa kulipwa. Watu hudhani kazi hii ni kusimama kortini na kusema sana. Sehemu kubwa ni kukaa na masanduku ya karatasi ukitafuta tarehe.

Kesi nyingi za biashara huanguka kabla shahidi hajafungua kinywa. Ile inayotajwa kila siku katika korti za Kenya inahusu meli iitwayo Lillian S na madai ya mafuta ya kampuni ya Caltex. Mwaka 1989, Jaji Nyarangi wa Mahakama ya Rufaa alisema mamlaka ya kusikiza kesi ndiyo kila kitu. Bila hayo, mahakama haipigi hatua hata moja mbele. Swali hilo likizuka, liamuliwe kwanza. Sisi mawakili tumelikariri kama watoto wa chuoni.

Ukishavuka mamlaka, wakungoja muda. Nitawapa kisa kimoja, ingawa chaniuma bado. Mama mmoja aliniletea faili ya kontena la mchele lililofika limeingia maji ya bahari. Hati ya shehena anayo, picha anazo, ripoti ya mkaguzi anayo. Siku zote hizo alikuwa akiandikiana na ajenti, naye akimjibu: subiri, twalishughulikia. Nilipohesabu, ilikuwa miezi 14 tangu apokee mzigo. Sheria ya shehena za baharini humpa mwenye mzigo mwaka mmoja wa kushtaki. Nikamwambia pale pale. Akakunja karatasi zake moja moja, akaniuliza, "Mwanangu, na mchele wangu je?" Sikuwa na jibu.

Kwa hivyo ajenti akikwambia subiri, subiri, lakini hesabu. Deni la kawaida la mkataba lina miaka 6. Ukiidai Serikali kwa mkataba ni miaka 3, na kwa hasara uliyosababishiwa bila mkataba ni miezi 12 tu.

Mali kauli ni desturi yetu, siwaambii muiache. Ila ukishampa mwenzako mzigo, mtumie ujumbe siku hiyo hiyo: magunia mangapi, bei gani, atalipa lini. Mwombe ajibu. Si kumvunjia heshima, ni kumsaidia kukumbuka. Ujumbe huo usiufute hata ukibadilisha simu.

Na kama deni halizidi shilingi milioni 1, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Kesi yatakiwa iishe kwa siku 60, na waweza kujisimamia mwenyewe. Naam, wakili mzima nawaambia msije kwangu! Ukilipa wakili laki moja kudai laki moja, umefanya biashara gani?

Naona wengine mmekuja na bahasha. Nitaketi pale barazani mpaka Alasiri. Aanze mwenye tarehe ya zamani zaidi.