CHUJIO LA MAJI LIKIZIBA, TUANZE WAPI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa reli watokao Meru na Embu. Tumeyachapa kwa kuwa wengi waliyaomba.)



Tumeombwa tuseme habari ya maji. Pengine mtu atauliza, watu wa reli na chujio la maji, wapi na wapi? Jibu ni hili. Reli haikufika Meru, wala haikufika Embu. Iliishia Nanyuki, na stesheni ya karibu kwa mtu wa Embu ni Sagana. Basi sisi tunaofanya kazi njiani tumeacha jamaa zetu nyumbani, na tukienda huko mwisho wa mwezi twakuta taabu zote zinatungoja. Na kwa kuwa watu wanajua tumezoea vali na mabomba, hutuita: "Njoni mtazame, maji hayaji."

Wakati wa kuitwa hasa ni mvua inapofungua, mwezi wa Machi na tena mwezi wa Oktoba. Mito yetu, kama Rupingazi, Thuci, Mutonga na Kathita, hushuka kutoka Mlima Kenya ikienda kuingia Tana. Wakati wa kiangazi maji yake ni safi, na chujio la mchanga laweza kufanya kazi wiki nyingi bila kuguswa. Mvua ya kwanza ikipiga mashamba yaliyolimwa, udongo mwekundu wote huingia mtoni. Chujio lililofanya kazi miezi miwili huziba kwa siku mbili.

Tutawaeleza tulivyoona katika mradi mmoja wa kijiji. Jina lake hatulitaji, kwa maana hatukuja kuaibisha mtu.

Tulifika Jumamosi. Mifereji ilikuwa mikavu siku ya tatu, na kina mama walikuwa wamerudia kuteka mtoni. Kamati ilikuwa imesimama kando ya chujio ikibishana. Mmoja alisema kijana anayelinda chujio ni mvivu, afukuzwe leo. Wa pili alisema aletewe jembe, mchanga upinduliwe kama shamba. Wa tatu alisema, "Kuna bomba la kando linalopita bila kuingia katika chujio. Tufungue hilo, watu wapate maji, mengine baadaye." Kijana mwenyewe alikaa kimya. Mshahara wake ulikuwa haujalipwa miezi mitatu.

Ndugu zangu, injini isipovuta, fundi mzuri haanzi kwa kushika nyundo. Hutazama geji kwanza. Chujio la mchanga nalo lina geji yake, nayo ni kimo cha maji yaliyosimama juu ya mchanga. Kwa hiyo tulisema, tupimeni kwanza.

Sikilizeni vizuri hapa. Kilio ni kimoja, "Hakuna maji," lakini makosa yaweza kuwa matatu. Kama maji juu ya mchanga ni machache au hakuna, mchanga hauna kosa: maji hayafiki. Pandeni juu mtoni mkatazame wavu wa kinywa cha bomba, mtakuta majani na matawi. Kama maji yamejaa juu ya mchanga mpaka yanamwagika, na vali ya kutokea iko wazi, na bado yanatoka kidogo tu, hapo mchanga umeziba. Na kama maji yanatoka katika chujio sawasawa lakini mifereji ya chini ni mikavu, kosa liko katika bomba: limepasuka, au limeshika hewa mahali palipoinuka. Mtu asiyetenga makosa haya matatu atachimba mchanga wa watu bure.

Sisi tulikuta maji yamejaa mpaka ukingoni. Mchanga ulikuwa umeziba kweli. Lakini tukauliza, umezibwa na nini, na kwa nini upesi hivi?

Juu ya chujio kuna tangi ambalo maji hupita polepole ili matope yatulie chini. Tulikwenda, tukatia fito. Tangi lilikuwa limejaa matope karibu mpaka juu. Maji ya mto yalikuwa yanapita juu ya matope hayo na kuingia katika chujio kama yalivyotoka shambani. Vali ya kutolea matope ilikuwa imeshika kwa kutu, haigeuki.

Ndipo yule kijana akatoa daftari la shule mfukoni. Kila asubuhi alikuwa ameandika kimo cha maji juu ya mchanga. Na mara mbili, mwezi wa Agosti na mwezi wa Septemba, alikuwa ameandika: "Vali ya matope imeshika. Nimeambia kamati." Mwenyekiti wa kamati alilisoma daftari lile, akanyamaza. Habari ya kumfukuza kijana haikusemwa tena.

Basi, kazi yenyewe hufanywaje? Tutaeleza kwa taratibu.

Kwanza, zuieni matope kabla ya kugusa mchanga. Fungueni wavu, toeni matope katika tangi. Mto ukiwa mwekundu sana, fungeni maji yasiingie mpaka mafuriko yapite. Mara nyingi ni saa chache tu. Ili kujua, tieni maji katika chupa nyeupe ya lita mbili, iwekeni juu ya gazeti, mtazame kutoka juu. Kama herufi hazionekani, maji hayo hayafai kuingia katika chujio.

Pili, shusheni maji katika chujio mpaka yawe chini ya uso wa mchanga kama shubiri moja, si zaidi. Juu ya mchanga mtaona utando mwembamba unaoteleza. Utando huo si uchafu mtupu. Ndani yake mna vijidudu vyema vinavyokula vijidudu vya ugonjwa, na wenzao wengine wanakaa katika mchanga wa chini. Mkiacha mchanga ukauke juani siku nzima, mmewaua walinzi wenu. Fanyeni kazi upesi, asubuhi na mapema.

Tatu, paruzeni kwa sepeto bapa, sentimita moja au mbili tu. Jembe lisiingie kabisa. Ukipindua mchanga, uchafu wa juu unakwenda chini, na hutautoa tena ila kwa kuondoa mchanga wote. Simameni juu ya mbao, na miguu ioshwe kwanza. Mchanga uliotolewa msiutupe, uosheni, mwuweke. Chujio jipya huwa na mchanga kama mita moja kwenda chini. Ukipungua mpaka karibu sentimita 60, hapana budi kuurudishia ule uliooshwa.

Nne, kama inawezekana, jazeni chujio kwa maji safi yakitokea chini, ili yasukume hewa itoke. Hewa ikibaki ndani ya mchanga, maji hayatapita, nanyi mtadhani bado umeziba.

Tano, maji ya kwanza yamwageni. Utando mpya wahitaji siku kadhaa kukua, pengine wiki moja au mbili. Fungueni vali kidogo kidogo. Siku hizo tieni klorini kwa kipimo, na waambieni watu wachemshe maji ya kunywa. Wenye machujio mawili wasafishe moja kwanza, na la pili lingoje.

Sasa turudi kwa yule aliyetaka kufungua bomba la kando. Hakuwa mtu mbaya. Aliona watu wana kiu. Lakini sikilizeni yaliyotokea Ujerumani mwaka 1892. Mji wa Hamburg ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji wa Altona, uliopakana nao, ulichukua maji katika mto ule ule, tena chini zaidi, ambako uchafu wa Hamburg ulikuwa umekwisha kuingia. Lakini Altona walipitisha maji yao katika mchanga. Kipindupindu kilipokuja, Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000, na Altona waliokufa walikuwa wachache sana. Palikuwa na barabara ya mpakani ambapo ugonjwa ulikaa upande mmoja tu. Mwanachuoni Robert Koch alipochunguza, alionyesha kwamba tofauti ilikuwa ni mchanga. Kisha, mwanzoni mwa mwaka 1893, ugonjwa ukazuka Altona pia, na Koch akaona sababu ni chujio lililoharibiwa na barafu wakati wa kulisafisha. Kwa hiyo, kukosa chujio ni hatari, na kulisafisha vibaya ni hatari vile vile. Mtu akinywa maji ya matope hajui kama amekunywa homa ya matumbo mpaka amelala kitandani.

Tuna neno pia kwa wenzetu wa mahoteli na mashule yenye bwawa la kuogelea, maana nao hulaumiwa bwawa linapofunguliwa na chujio likaziba siku ya kwanza. Chujio lenu ni la chuma au plastiki, lina pampu na geji. Andikeni geji inasoma nini mchanga ukiwa safi. Ikipanda paundi 8 au 10 juu ya hapo, osheni mchanga kwa kurudisha maji nyuma mpaka yatoke meupe. Pampu izimwe kabla ya kugeuza mkono wa vali, siku zote. Na klorini isichanganywe na asidi hata kidogo. Hewa yake yaua. Mkubwa akikuagiza ufanye kinyume, mwarifu katibu wa tawi.

Ndugu wanachama, siku ile tulifanya kazi mpaka magharibi, tukailegeza vali kwa mafuta na spana kubwa. Maji yalirudi Jumatatu, ya kuchemsha kwanza. Kamati ilimlipa kijana mwezi mmoja papo hapo na kuahidi iliyobaki, na tulipokwenda mara ya pili tuliuliza, tukakuta amelipwa yote.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo haiji kwa karatasi peke yake. Yahitaji mtu wa kupima kimo kila asubuhi, na mtu huyo lazima ale. Kwa hiyo, mkifika nyumbani mwisho wa mwezi huu, ulizeni mambo manne: Je, tangi la matope limetolewa kabla ya mvua? Je, vali zote zinageuka? Je, daftari liko, na nani hulisoma? Na je, mlinzi wa chujio amelipwa?

Kama jibu la mojawapo ni la, msingoje maji yakauke.

Umoja ni nguvu.