Tuupime Udongo Kabla ya Kujenga

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa jamii na viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana katika ukumbi wa parokia.)



Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana, asanteni kwa kufika ingawa leo ni siku ya soko. Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya nyumba. Najua kuna vikundi hapa vinavyoweka pesa kila mwezi ili wanachama wajengewe kwa zamu. Najua pia kuna mabishano: tununue mawe, tuchome matofali, au tukodi ile mashine ya kushindilia udongo? Mimi sitazunguka. Niko upande wa udongo. Lakini kabla hamjatoa hata shilingi moja, nataka niwaeleze vile mimi mwenyewe niliwahi kuwapotezea watu pesa kwa udongo huo huo.

Miaka kama 12 iliyopita nilikuwa nikifanya kazi na kikundi cha akina mama, si hapa, mahali pengine. Walitaka kumjengea mwenzao aliyefiwa na mume. Mashine tulipewa kwa juma moja tu, basi mimi nikawa mbio. Nikawaambia tuchimbe pale karibu na migomba kwa sababu udongo ni laini. Tukachimba, tukachanganya simiti kwa kukadiria na macho, tukapiga matofali zaidi ya 600 kwa siku tano. Tukayaanika juani ili yakauke upesi. Mvua ya Aprili iliponyesha, pembe zikaanza kumomonyoka kama mandazi kwenye chai. Hiyo ilikuwa akiba ya mwaka mzima! Na simiti ikishachanganywa hairudi mfukoni. Matofali yale tuliyaponda, tukayafukia chini ya sakafu. Yule mama hakunilaumu, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Mzee mmoja wa kike aliniambia, "Mwanangu, udongo hauna makosa. Sisi hatukuupima."

Udongo si aibu

Wengine mnasema nyumba ya udongo ni ya maskini. Tuangalie mbali kidogo. Kule Yemen kuna mji wa Shibam, ambao majumba yake ya matofali ya udongo usiochomwa yanafika hata orofa saba. Mengi yalijengwa tangu karne ya 16, na watu bado wanaishi humo, kwa sababu huyakandika upya kila yanapochakaa. Burkina Faso, katika kijiji cha Gando, mwana wa kijiji hicho, Francis Kéré, alirudi na elimu yake ya usanifu akajenga shule ya msingi kwa udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na simiti kidogo. Wanakijiji walikuwa na shaka kama udongo utastahimili mvua, lakini wakajenga pamoja naye. Shule ikamalizika mwaka 2001. Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu duniani, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Na kwetu Kenya, asiwadanganye mtu kwamba matofali haya hayatambuliwi. Kiwango rasmi cha kitaifa cha matofali ya aina hii kilitolewa mwaka 1993.

Sasa linganisheni. Tofali la kuchoma linataka kuni, na sisi sote tunajua miti imebaki mingapi huku. Mawe yanatoka mbali, na lori ni pesa. Tofali la kushindilia halichomwi. Linakauka kivulini, na udongo wake mara nyingi unatoka kwenye ploti ile ile.

Jinsi ya kupima

1. Ondoeni udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi na mboji. Huo ni wa mahindi, si wa nyumba. Chimbeni mpaka mfikie udongo safi. Ule udongo mweusi mzito unaopasuka wakati wa kiangazi, kama wa Mwea au tambarare za Kano, uacheni. Huvimba ukinyeshewa na kunywea ukikauka.

2. Chukueni chupa pana ya kioo au plastiki. Jazeni udongo hadi theluthi moja, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, kisha muache itulie hadi kesho yake. Changarawe na mchanga vitakaa chini, mfinyanzi juu. Mchanga na changarawe viwe zaidi ya nusu, na mfinyanzi uwe kama sehemu moja ya tano.

3. Mwambieni seremala awatengenezee kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Pakeni mafuta ndani, jazeni udongo uliolowa, mkauweke kivulini kwa juma moja. Utanywea. Sukumeni vipande vyote upande mmoja, mpime nafasi iliyobaki. Ikiwa ni chini ya sentimita moja na nusu, sehemu 1 ya simiti kwa sehemu 16 za udongo inatosha. Ikikaribia sentimita sita, mtahitaji 1 kwa 10. Ikizidi hapo, changanyeni na mchanga, mpime tena.

Mnaona kisanduku hiki kinavyolinda pesa? Mfuko wa simiti wa kilo 50 ni karibu debe mbili. Udongo mzuri utakupa debe 32 za kuchanganya na mfuko huo. Udongo mbaya, debe 20 tu. Hiyo ndiyo tofauti ya kumaliza nyumba na kubaki na kuta nusu.

Kazi yenyewe

Chekecheni udongo. Changanyeni na simiti ungali mkavu, ndipo mnyunyize maji kidogo kidogo. Fumbeni konzi ya udongo huo, muuangushe kutoka usawa wa kifua. Ukivunjika vipande vinne au vitano, uko sawa. Ukibaki donge moja, maji yamezidi. Ukisambaa kama unga, yamepungua. Msichanganye mwingi kwa mara moja, maana baada ya saa moja simiti inaanza kushika.

Sasa hapa ndipo tuliangukia sisi. Tofali lenye simiti halihitaji jua, linahitaji maji. Lifunikeni kwa karatasi ya plastiki kivulini na mlinyunyizie maji kila siku kwa siku 7, na bora zaidi 14. Halafu ngojeni mpaka wiki nne zitimie kabla ya kujenga. Pangeni zamu ya maji kabla ya kupanga zamu ya mashine. Kama kisima kiko mbali, semeni mapema nani atateka, la sivyo mzigo utawaangukia wale wale akina mama wachache.

Msingi uwe wa mawe na uinuke juu ya ardhi, na juu yake muweke karatasi ya kuzuia unyevu usipande ukutani. Mabati yatokeze mbele ya ukuta vya kutosha, ili mvua isiupige. Hapo msibane pesa.

Kuhusu mashine

Mashine ya mkono ya namna hii ilianzia Colombia miaka ya 1950, na tangu hapo imeenea duniani. Haitumii stima wala dizeli. Lakini haijui udongo mzuri na mbaya; itashindilia chochote utakachoitilia. Kwa hivyo msinunue sasa. Vikundi vikodi pamoja, na kila kikundi kipime kwanza.

Yule mama niliyewaambia alipata nyumba yake mara ya pili. Tulichimba kwingine, tukapima, tukanyunyizia maji kwa zamu. Bado anaishi humo. Lakini alingoja mwaka mzima zaidi chini ya paa linalovuja, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka.

Naomba jambo moja tu. Mkutano ujao, kila kikundi kije na chupa yake ya udongo, na jina la mahali ulipochimbwa. Tutazipanga hapa mezani, tuzisome pamoja.