Lugha ya Vurumai: Ngeli, Mahali na Msamiati katika Mchezo wa Kompyuta wa Kutazamwa kutoka Juu



Katika mitaa kama Ngarenaro, Unga Limited na Kaloleni jijini Arusha, mtoto aingiapo katika kibanda cha gemu hukuta lugha mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Kwenye skrini kumeandikwa Kiingereza. Midomoni mwa wachezaji, na mwa watazamaji ambao aghalabu ni wengi kuliko wachezaji, kuna Kiswahili: mzabe kofi, mtie kabali, mkate mtama, kaanguka chali. Maneno ya skrini hutambuliwa kama alama tu, jinsi mtu atambuavyo picha ya betri iliyokwisha. Mhadhara huu unahusu umbali uliopo baina ya lugha hizo mbili, na unauchunguza kupitia aina moja ya mchezo: ule wa kupigana ambao mchezaji huutazama kutoka juu, kana kwamba paa la nyumba limeondolewa.

Aina hiyo imechaguliwa kwa sababu inaweza kuundwa na watu wachache wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Mtu anayeonwa kutoka juu ni kichwa na mabega. Hana uso wa kuchorwa, wala midomo ya kuchezeshwa. Chumba ni mistari minne na pengo la mlango, mithili ya ramani ya fundi mwashi. Mchezo wa Hotline Miami, uliotolewa mwaka 2012, ulibuniwa na Waswidi wawili, Jonatan Söderström na Dennis Wedin. Ape Out, wa mwaka 2019, ni kazi ya Gabe Cuzzillo akisaidiwa na wenzake wachache. Ndani yake gorila hutoroka kizuizini kwa kushika watu na kuwatupa ukutani, na ngoma za jazi hufuata mapigo yake. Nairobi X, uliotolewa nchini Kenya na Andrew Kaggia mwaka 2015, ulifuata njia ya gharama zaidi, yaani ya pande tatu, mchezaji akiona kwa macho ya mpiganaji mwenyewe.

Jina la aina hii kwa Kiswahili halijatulia. “Mchezo wa ngumi” unaelekeza kwenye ndondi, na ndondi zina mwamuzi, raundi na ulingo. Hapa mtu mmoja hupambana na kundi, na hakuna kanuni. Kiswahili kina neno la hali hiyo tangu zamani, nalo ni vurumai. Kuhusu pembe ya kutazamia, “mtazamo wa juu” haufai, kwa kuwa msomaji anaweza kuuelewa kuwa ni maoni yenye hadhi. Mtoto aliyelelewa penye vifaranga anajua ni nani hutazama uani kutoka juu: mwewe. “Mchezo wa vurumai wa jicho la mwewe” ni jina refu kidogo, lakini halihitaji maelezo.

Kuhusu vitendo vya kupigana, hofu ya uhaba wa msamiati haina msingi. Kitenzi piga peke yake hubeba ngumi, teke, kichwa, kiwiko, ngwala na roba. Pembeni yake wamo zaba, chapa, twanga, bamiza na bwaga, na kila kimoja kina uzito wake: anayezabwa hadhuriki kama anayebamizwa, na anayebwagwa lazima kwanza awe amebebwa. Mbunifu anayetafuta majina ya viwango vya nguvu anayo ngazi iliyokwisha kupangwa na wasemaji wenyewe.

Ugumu upo kwenye sentensi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, mjadala uliosikika zaidi ulikuwa wa istilahi: kipi kiitwe kipanya, kipi kiitwe faili. Programu ya kuandikia barua huweza kuishi kwa maneno mafupi ya kwenye menyu. Mchezo wa vurumai hauwezi, kwa sababu huzungumza na mchezaji kila baada ya sekunde chache kuhusu vitu vinavyobadilika. Programu za namna hii hutungwa kwa kiunzi: sentensi yenye pengo, na katika pengo hilo mashine huchomeka nomino. Kwa Kiingereza kiunzi kimoja kinatosha kutangaza kwamba silaha fulani imevunjika. Kwa Kiswahili rungu limevunjika, fimbo imevunjika, kisu kimevunjika, mkuki umevunjika. Kinachobadilika kimo ndani ya kitenzi, mahali ambapo kiunzi hakikuachiwa pengo. Mfasiri anayepewa orodha ya sentensi baada ya mchezo kukamilika huchagua ngeli moja na kuomba radhi kimoyomoyo. Matokeo yake ni “rungu imevunjika”, na mtoto husoma hivyo mara mia kwa siku. Wapo wanaokwepa kwa kuandika “kitu kimevunjika: rungu”. Sarufi haina kosa hapo, ila hakuna mtu ambaye rungu lake likimvunjikia katikati ya ugomvi husema hivyo.

Dawa yake si ngumu endapo itatolewa mapema. Kila nomino iingizwe katika hazina ya mchezo pamoja na ngeli yake, na kiambishi cha upatanisho kichaguliwe na programu. Mbunifu anayefikiri kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza atalifanya hilo bila kuagizwa. Utaratibu wa kawaida wa kutafsiri programu huuliza lugha swali moja tu, kwamba ina maumbo mangapi ya umoja na wingi; Kiswahili hujibu mawili, na swali la ngeli halifiki mezani. Tarakimu, inafaa kukiri, huficha mengi: “visu 2”, “fimbo 2” na “marungu 2” hazionyeshi upatanisho wowote, na pengine ndiyo sababu wabunifu wanazipenda.

Ngeli hizo hizo zina faida ambayo Kiingereza hakina. Michezo hii hupenda silaha ikue kadiri mchezaji anavyoendelea. Kisu kikikua huwa jisu, kikififia huwa kijisu. Hakuna kivumishi kilichoongezwa. Watoto wa Kiarusha wanaozungumza Kimaa nyumbani wana hisia hii kwa njia nyingine, kwa kuwa katika Kimaa olalem, upanga, ni wa jinsia ya kiume, na enkalem, kisu, ni wa kike. Shina ni lile lile, na kiambishi cha mbele ndicho hupima ukubwa. Mchezo utakaotungwa chini ya Meru ungeweza kuifanya sarufi kuwa sehemu ya mchezo wenyewe.

Jambo la pili ni mahali. Mchezo wa jicho la mwewe ni mchezo wa vyumba: nani yuko wapi, na mlango upo upande gani. Kiswahili hugawa mahali mara tatu. “Adui yupo” humweka mahali panapojulikana, “adui yuko” humwacha katika eneo lisilo dhahiri, na “adui yumo” humfungia ndani. Silabi moja ya mwisho humweleza mchezaji kama aingie, asubiri au azunguke. Lugha nyingi zingehitaji kirai kizima kwa taarifa hiyo, na katika vurumai hakuna nafasi ya kirai kizima.

Lipo pia neno juu, ambalo Arusha lina tabia yake. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, upo kaskazini mwa jiji, na anayeelekea Ilboru anapanda. Juu ya mteremko na juu ya ramani vinakutana, hivyo kijana wa Sanawari akiambiwa na skrini “nenda juu” hatakuwa na tatizo. Mwenzake wa Ngarenanyuki, kule ambako kesi ya ardhi ya Wameru ilianzia na kufikishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1952, anauona mlima huo huo upande wa kusini-magharibi; kwake kupanda ni kushuka kwenye ramani. Si jambo kubwa, lakini mfasiri aliyeketi mbali hawezi kulijua.

Hutokea mtu akasema kwamba suluhisho ni mchezo usio na maneno, na Ape Out huonyesha jinsi maneno machache yanavyotosha. Ni kweli kwa mchezo huo. Lakini watazamaji wa kibandani hawajawahi kuwa kimya, na lugha isiyoandikwa popote kwenye skrini hubaki kuwa ya kandokando. Kiswahili kimekwisha kuingia katika michezo ya dunia kwa mlango wa sauti: wimbo wa “Baba Yetu” wa Christopher Tin, uliotungwa kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005, ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Kuimbwa ni heshima, ila hakumsaidii anayetaka kujua kama adui yumo au yuko.

Sauti nayo ina madai yake. Anayeangushwa kifudifudi au chali ndiye aliyeshindwa, na tangazo la mchezo lingesema hivyo. Lakini Arusha kijana mwenyewe huitwa chalii. Katika chali mkazo upo kwenye silabi ya kwanza. Katika chalii umehamia kwenye silabi ya pili, kama kanuni ya mkazo wa Kiswahili inavyotaka. “Chalii yuko chali” ni sentensi ambayo kibanda kizima cha Ngarenaro kingeicheka na kuirudia wiki nzima, mradi iwe imerekodiwa na mtu anayejua pa kuweka mkazo.