Siku 60 za Watu wa Lamu

 

Wanangu, wahitimu wa kidato cha nne, nimekuja na habari za Lamu. Septemba 2016, mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, Lamu, wa megawati zaidi ya 1,000. Sheria iliwapa wananchi siku 60 za kukata rufaa. Watu wa Lamu, chini ya mwavuli wa Save Lamu, walizihesabu siku hizo na kuwasilisha rufaa yao kwa wakati.

Hoja yao ilikuwa kwamba mikutano waliyoitiwa ilifanyika kabla utafiti wa athari haujakamilika. Ripoti ilipotoka, na habari zake za moshi, majivu na bahari, hawakurudiwa wakaulizwa. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Mazingira la Kitaifa, lililosikiliza rufaa hiyo, likaifuta leseni ile. Kila nikifikiria kesi hiyo, nawafikiria wale waliokumbuka mkutano uliitishwa lini, na walioitwa waliambiwa nini.

Hata kwetu njia hiyo ipo. Mwaka 1991 wakazi 795 wa Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Leo tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayosema kila mtu ana haki ya mazingira safi na salama, na anaweza kuidai mahakamani.

Mtaniambia makaa yetu yako Ngaka na Mchuchuma, mbali na hapa kwetu Mwandiga. Ni kweli. Lakini ng'ambo ya ziwa, karibu na Kalemie, yako makaa ya Lukuga, yaliyochimbwa enzi za Wabelgiji, na Ziwa Tanganyika tunalinywa nchi nne.

Wengi wenu mtabaki hapa hapa. Mkutano wa hadhara ukiitishwa, nendeni na daftari. Andikeni tarehe, jina la aliyezungumza na alichoahidi. Ombeni nakala ya ripoti. Mkiona imeandikwa kwa Kiingereza, kaeni na wazazi wenu chini ya mchikichi, muwasomee kwa Kiswahili na kwa Kiha, ukurasa kwa ukurasa.